Kusafiri Kukaa na Watu: Maswali Tunayoulizwa Kila Wiki Hapa Nairobi

Ofisi yetu ni chumba kimoja katikati ya mji, ghorofa ya tatu, na lifti tumeshaizoea kuwa haifanyi kazi. Tunapanga safari za vikundi vidogo: vyama vya akina mama, walimu wakati wa likizo, wastaafu, vijana wawili watatu waliochangishana. Kazi ya kumpeleka mtu apigwe picha mbele ya mnara tunawaachia wenzetu. Sisi tunapenda msafiri akae mahali mpaka apewe chai. Maswali haya ndiyo yanayojirudia kwenye simu zetu, na tumeyajibu kama tunavyomjibu mtu aliyepanda ngazi zote hizo akafika anahema.

Sijawahi kutoka Kenya. Nianzie wapi?

Anza na jirani. Uganda na Rwanda Mkenya anaingia kwa kitambulisho cha taifa, kwa mpango ambao nchi hizi tatu zilikubaliana mwaka 2014. Basi la Kampala linaondoka Nairobi jioni, mnavuka mpaka wa Busia au Malaba usiku, na kukikucha mko karibu na Jinja, pale Mto Nile unapotoka Ziwa Victoria. Kampala kifungua kinywa chako kiko kando ya barabara: mayai yaliyokaangwa na nyanya na kabichi, yakakunjwa ndani ya chapati. Wanaiita rolex. Ukiwa umekula chapati za Nairobi maisha yako yote utajiuliza kwa nini sisi hatukuwaza hivyo mapema.

Rwanda ina mambo matatu ya kumwambia Mkenya. Magari yanapita upande wa kulia, kwa hiyo ukivuka barabara angalia kushoto kwanza. Mifuko ya plastiki iache nyumbani. Wao waliipiga marufuku mwaka 2008, sisi tukafuata Agosti 2017. Na Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi asubuhi ni umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa, na maduka mengi hufungwa. Wateja wengi huona hiyo ni siku iliyopotea. Mimi huwaambia waombe jembe.

Tanzania beba pasipoti. Kitambulisho peke yake usikitegemee.

Kwa nini mnatuuliza tarehe kabla ya kutuuliza tunataka kwenda wapi?

Kwa sababu mahali pamoja pana sura mbili: sura ya siku za kawaida na sura ya siku wenyeji wanapofanya jambo lao. Jengo litakungoja. Siku haikungoji.

Chukua Makunduchi, kusini mwa Unguja. Mwezi wowote ni kijiji kitulivu cha pwani. Lakini Julai, wakati wa Mwaka Kogwa, mwaka mpya wa kalenda ya Kishirazi, wanaume wanatoka na mashina ya migomba na kupigana hadharani, hasira zote za mwaka zinaishia pale uwanjani, huku wanawake waliovalia vizuri wakipita wakiimba. Kibanda cha makuti kinachomwa moto. Halafu watu wanakwenda kula, na kula bila mgeni siku hiyo hakupendezi, kwa hiyo mgeni anatafutwa. Hujawahi kukaribishwa hivyo. Ukienda Makunduchi wiki mbili baadaye utaona mashina ya migomba yamesimama shambani, basi.

Kuna siku za kukimbilia na siku za kujihadhari nazo. Bali, kule Indonesia, wana Nyepi, mwaka mpya wao, ambao kwa kawaida huangukia Machi. Usiku wa kuamkia siku hiyo vijana wanabeba masanamu makubwa ya mashetani barabarani kwa kelele nyingi. Kukikucha, kimya. Saa ishirini na nne hakuna moto, hakuna taa za nje, hakuna kutembea, na uwanja wa ndege unafungwa kabisa. Mtalii naye anabaki ndani ya hoteli. Aliyejiandaa husema ni siku tamu kuliko zote alizokaa huko. Aliyekata tiketi ya kuondoka siku hiyo husema mengine.

Na kuna siku za kufungwa tu. Soko Kuu la Istanbul halifunguliwi Jumapili. Taj Mahal hufungwa kwa wageni siku ya Ijumaa, na hili nalijua vizuri kuliko ninavyotaka. Mwaka mmoja nilipanga ratiba ya India mwenyewe, nikahesabu siku kwa vidole, nikafikisha watu tisa Agra Ijumaa asubuhi. Askari wa langoni hakucheka, lakini dereva wetu alicheka. Tulikaa kibandani, tukapewa chai yenye tangawizi kwenye vikombe vya udongo ambavyo ukimaliza unavivunja chini. Watu wangu walivunja vikombe kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika, wakinitazama. Tangu hapo hakuna ratiba inayotoka ofisini kwetu bila mtu wa pili kuisoma akiwa na kalenda mkononi.

Kwa nchi za Kiislamu uliza Ramadhani iko lini, kwa sababu kila mwaka inarudi nyuma kama siku kumi na moja. Si mwezi wa kukwepa. Mchana mji unalala, lakini jioni ya futari ndiyo wakati mwafaka wa kuona watu. Usile tu barabarani kabla ya adhana.

Tuko Wakenya, Kiswahili tunakijua. Unguja tutaelewana nao bila shida, sivyo?

Mtaelewana. Shida ni namna mtakavyosikika.

Kiswahili cha Nairobi kina haraka. Tunaingia dukani tunasema "nipe maji", tunalipa, tunatoka, na hakuna aliyekosewa. Unguja sentensi hiyo inasikika kama amri ya askari. Pale ni "naomba maji", na kabla ya kuomba kuna salamu, na salamu si moja. Umelala salama? Habari za nyumbani? Watoto hawajambo? Mkenya huona muda unapotea. Mwenye duka anaona ameingiliwa na mtu asiye na kwao.

Neno la kwanza la kurudisha mdomoni ni shikamoo. Hapa Nairobi tumeliacha shuleni. Kumwamkia mzee wa stejini "sasa" ni jambo la kila siku. Unguja mwamkie mtu mzima shikamoo, ngoja aitikie marahaba, ndipo uulize njia. Nimeona bei ya kikapu ikishuka kwa salamu tu, wala si kwa mabishano. Mlangoni piga hodi. Ukipiga mara tatu na hakuna aliyeitikia, ondoka, usichungulie dirishani.

Jioni mtakwenda Forodhani, kila mtu huenda. Ulizeni bei ya mishikaki na pweza kabla ya sahani kujaa. Lakini kama mnataka kula wanachokula wenyeji wakitoka kazini, tafuteni urojo kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe: supu nzito ya njano yenye ukali wa embe na ukwaju, ndani mna viazi, bajia, kachori, juu vinamwagwa vipande vyembamba vya muhogo uliokaangwa na chatini. Kijiko cha kwanza huwezi kuamua kama unaipenda. Cha tatu unauliza kama wanafungua kesho.

Mavazi: mabega na magoti yafunikwe mjini. Ufukweni ni mambo ya ufukweni.

Ni kweli Ethiopia saa zao ni kama za Kiswahili?

Kweli kabisa, na ndiyo nchi ya kwenda kwa ndege ninayompendekezea mtu wa Nairobi kwanza. Ndege ni kama saa mbili, viza Mkenya hahitaji, na ukifika unagundua kuna watu wengine duniani wanaoanza kuhesabu saa jua linapochomoza. Saa moja yao ya asubuhi ni saa moja yetu.

Hilo lilipaswa kunisaidia. Mara yangu ya kwanza nilikwenda kukata tiketi ya basi la kwenda Hawassa. Karani, kijana mpole, aliniona mgeni akanihurumia, akaniambia kwa Kiingereza kwamba gari linaondoka saa moja. Nami nikaisikia kwa masikio ya Kiingereza: saa saba mchana. Nikalala, nikanywa chai taratibu, nikafika kituoni na begi langu saa sita na nusu. Basi lilikuwa limeondoka tangu saa moja asubuhi. Angeniambia kwa Kiswahili ningefika kabla ya dereva. Kwa hiyo uliza: saa ya wapi?

Kalenda yao nayo ina miezi kumi na mitatu, kumi na miwili ya siku thelathini na mmoja mdogo wa siku tano au sita. Mwaka wao mpya huanza Septemba 11, au Septemba 12 mara moja katika kila miaka minne. Sisi tulipokuwa Septemba 2025, wao ndio kwanza waliingia 2018. Wateja wangu hufurahi kusikia wamepunguziwa umri.

Lakini kilichokupeleka huko ni kahawa. Usinywe ya hotelini. Subiri ualikwe nyumbani, au keti kwenye kibanda ambacho mama amekaa kwenye kigoda na majani mabichi yametandazwa sakafuni. Anaosha buni mbichi, anazikaanga kwenye kikaango kidogo juu ya jiko la makaa, anazitikisa mpaka zinameta mafuta. Halafu anainuka na kikaango kikifuka, anakipitisha mbele ya kila mgeni. Unavuta moshi kwa mkono kuelekea usoni, kama mtu anayejifukiza. Buni zinatwangwa, zinaingia kwenye jebena, chungu cheusi chenye shingo ndefu. Ubani unachomwa. Bisi zinapita kwenye bakuli. Kahawa inamiminwa kutoka juu kwenye vifinjani visivyo na mkono, na haimwagiki hata tone.

Mizunguko ni mitatu. Wa kwanza ni abol, mkali. Wa pili tona. Wa tatu, mwepesi kabisa, ni bereka, na ukisikia hilo neno huhitaji mkalimani: ni baraka. Ukiinuka baada ya kikombe cha kwanza kwa sababu ratiba inasema makumbusho yanafungwa, umeondoka kabla ya baraka. Tenga saa moja na nusu, na simu iweke mfukoni.

Mambo mawili ya haraka. Jumatano na Ijumaa waumini wa Orthodoksi wanafunga nyama, maziwa na mayai, kwa hiyo siku hizo utaletewa injera, ule mkate wao mwembamba mchachu, yenye dengu, mboga na shiro, mchuzi mzito wa unga wa kunde. Nyama utaidai wapi? Na kuhusu Lalibela, yale makanisa kumi na moja yaliyochongwa ndani ya mwamba: eneo la Amhara limekuwa na mapigano tangu 2023, kwa hiyo hatuweki Lalibela kwenye ratiba mpaka tuwe tumeuliza hali ya usalama wiki hiyohiyo.

Nikiletewa chakula nisichokijua nifanyeje?

Ule kwa mkono wa kulia, ule kilicho mbele yako, na usiwe wa kwanza kunawa baada ya kula. Kwa mtu aliyelelewa na sinia la pilau hizi si habari mpya. Senegal bakuli la wali na samaki, ceebu jën, linawekwa katikati na kila mtu ana sehemu yake. Mama mwenye nyumba anamega samaki na kukurushia upande wako. Usivuke mpaka kufuata karoti.

Ethiopia mtu anaweza kukukunjia tonge la injera na kukulisha mdomoni. Inaitwa gursha. Fungua mdomo, ni heshima, na tonge likiwa kubwa ndivyo upendo ulivyo mkubwa, hata kama macho yanakutoka.

Japani usisimamishe vijiti wima ndani ya wali. Hivyo ndivyo wali wa marehemu unavyowekwa. Supu ya tambi, kwa upande mwingine, ivute kwa sauti, hakuna atakayekutazama vibaya. Mama yako pekee ndiye angekutazama.

Nimesikia kuna mahali mnaoga na watu msiowajua. Ni lazima?

Si lazima, lakini ndilo jambo ambalo wateja wetu hulikataa kwa sauti kubwa hapa ofisini, halafu wakirudi ndilo wanalosimulia kwanza.

Istanbul ni hamamu. Wanaume na wanawake wana vyumba au saa zao tofauti. Unapewa kitambaa cha pamba cha kujifunga, unaingia kwenye chumba cha marumaru chenye joto, unalala juu ya jiwe kubwa la katikati mpaka jasho likutoke. Anakuja mtu mwenye glavu ya kukwaruza, ndugu yake dodoki lakini asiye na huruma, anakusugua mgongo, na ngozi iliyokufa inatoka kwa mikunjo myeusi kama vipande vya kifutio. Mtu uliyedhani unaoga kila siku unaona aibu. Kisha povu, kisha maji, kisha chai kwenye gilasi ndogo yenye kiuno chembamba.

Japani ni onsen, chemchemi za maji ya moto. Huko hakuna kitambaa: unaingia kama ulivyozaliwa, wanaume kwao na wanawake kwao. Kabla ya kugusa maji unakaa kwenye kigoda na kujisafisha kwa sabuni mpaka povu liishe lote, kwa sababu bwawa si la kuogea, ni la kukaa. Kile kitaulo kidogo unachopewa kisiguse maji. Watu wanakiweka kichwani. Kama una chale za wino mwilini, uliza kwanza. Sehemu nyingi bado zinakataa.

Karatasi gani nianze nazo?

Pasipoti yenye uhai wa miezi sita zaidi ya siku ya kurudi. Unaiomba kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na usingoje mpaka umeshalipa ndege. Kadi ya homa ya manjano: chanjo ipigwe angalau siku kumi kabla ya kusafiri, na tangu 2016 inatambuliwa kwa maisha yako yote, hivyo ya zamani usiitupe. India na nchi kadhaa wanaitaka kwa anayetoka Kenya. Afrika Kusini Mkenya haombi viza tangu Januari 2023, kwa siku zisizozidi tisini kwa mwaka. Viza ya Schengen ya Ulaya imekuwa euro 90 tangu Juni 2024, pamoja na bima ya matibabu ya angalau euro 30,000. Unaweza kuomba kuanzia miezi sita kabla ya safari, na ukingoja mpaka wiki mbili za mwisho umechelewa.

Sheria za viza hubadilika. Kabla ya kulipa chochote soma tovuti ya ubalozi wenyewe, usisome ya binamu ya mtu.

Na pesa?

Shilingi yetu ukivuka Afrika Mashariki haijulikani. Beba dola kidogo, noti mpya zisizo na mchoro wala mkunjo, na nyingine ziwe ndogondogo. Noti kuukuu za mwanzoni mwa miaka ya 2000 huwa zinarudishwa mkononi mwako hata kama ni halali. Laini yako ya Kenya isitoke kwenye simu. Watu huitoa ili waweke ya huko, halafu benki inatuma namba ya kuthibitisha malipo kwenye laini iliyo ndani ya droo nyumbani, mtaa wa Umoja.

Kuhusu kupatana bei: aliyefuzu soko la Gikomba amefuzu dunia. Fez, Marrakech, Istanbul, lugha ni ileile: shangaa, cheka, ondoka hatua tatu, itwa. Tofauti ni kwamba Morocco ukishataja bei na akaikubali, umenunua. Kubadili mawazo hapo ni utovu wa adabu. Japani usipatane wala usiache bakshishi mezani. Mhudumu anaweza kukufuata mpaka nje akidhani umesahau pesa zako.

Nibebe nini?

Leso. Jozi moja, mbili ukiweza.

Msitucheke. Leso ni hijabu mlangoni mwa msikiti, kilemba ndani ya gurdwara, hekalu la Masingasinga, ushungi kanisani Addis, shuka kwenye basi lenye baridi, pazia la kubadilishia nguo, taulo, mto, na mfuko wa kubebea vyungu. Mwanamke anayesafiri peke yake ataona pia kwamba leso begani inampunguzia macho sehemu nyingi, kuliko ushauri wowote ninaoweza kumpa kwa simu. Na mwisho wa safari ni zawadi. Hakuna mwenyeji asiyeuliza maandishi yanasema nini, na hapo mazungumzo yanaanza. Ile yenye "Mgeni njoo mwenyeji apone" nimeshaitafsiri katika nchi nne, nikitumia mikono zaidi kuliko maneno.

Majani ya chai ya Kenya pia hupokelewa vizuri kila mahali. Matunda, mbegu na nyama usibebe, forodha watachukua. Ukialikwa China usipeleke saa ya ukutani. Kwa Kichina kumpa mtu saa kunasikika kama kumzika. Japani toa na upokee kwa mikono miwili, kama ulivyofundishwa na bibi yako.

Naruhusiwa kupiga watu picha?

Uliza kwanza, na ukikataliwa tabasamu uweke simu chini. Kuna mahali, kama Bonde la Omo kusini mwa Ethiopia, picha ina bei na bei inasemwa wazi. Jiulize tu ungejisikiaje mgeni akifungua mlango wa bibi yako kijijini wakati anakoroga uji, ampige picha, aondoke.

Sina nauli ya ndege mwaka huu. Nairobi yenyewe nitaona nini?

Swali ninalolipenda kuliko yote, na watu huliuliza kwa aibu kama wanaomba mkopo.

Amka Jumamosi uende Eastleigh kabla ya saa tatu. Agiza anjero, ile mikate myembamba yenye vitundu, pamoja na maini au mafuta ya ufuta na sukari, na shaah, chai ya Kisomali yenye iliki na mdalasini. Ukirudi mchana utaletewa wali na nyama ya ngamia na ndizi mbivu kando. Ndizi si ya baada ya chakula: inaliwa pamoja na wali, tonge kwa tonge. Tazama meza ya jirani na uige.

Soko la Kariokor, wengi hupita pale bila kujua jina limetoka kwa wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Carrier Corps, likaviringishwa na ndimi zetu mpaka likawa Kariokor. Akina mama wanasuka vikapu papo hapo, na mmoja akikuona umekaa kwa utulivu atakufundisha kuanza kitako cha kiondo. Kitako ndicho kigumu.

Kibera, kabla ya kuwa jina la habari za televisheni, kilikuwa makazi ya Wanubi, wanajeshi waliotoka upande wa Sudan wakapewa pale mahali pa kuishi mwanzoni mwa karne ya 20. Wajukuu wao wapo. Nenda na mwenyeji, kwenye harusi ikiwezekana, uone hina na vifuniko vya sahani vilivyosukwa kwa rangi, vinavyotundikwa ukutani kama picha.

Na kama umewahi kwenda Mombasa kwa gari, labda umeshakula langar bila kujua inaitwa hivyo. Gurdwara ya Makindu ilijengwa na Masingasinga mwaka 1926, enzi za reli, na mpaka leo msafiri yeyote anaingia, anavua viatu, anafunika kichwa, anapewa dengu na chapati bure. Ni desturi ileile ya Hekalu la Dhahabu kule Amritsar, ambako makumi ya maelfu ya watu wanakaa chini kwa mistari kila siku, tajiri goti kwa goti na maskini. Pokea chapati kwa mikono miwili. Usichukue ya kutupa. Ukimaliza, uliza jikoni kama kuna vyombo vya kuosha, watakupa.

Mama yangu ana miaka sabini na mbili na hajawahi kupanda ndege. Mtamchukua?

Mleteni. Ombi letu ni daktari amwone kwanza, na aletwe na viatu alivyokwisha kuvizoea, si vipya vya kusafiria.

Wazee hawana haraka, wanaamkia kila mtu, na wenyeji wanawapa kiti. Kikundi chenye mzee kinafunguliwa milango ambayo vijana peke yao wangeipita. Mwaka juzi tulikuwa na mama mmoja kutoka Kirinyaga, amechuma kahawa tangu akiwa msichana, akaipeleka kiwandani kwa miaka hamsini, na nyumbani kwake akanywa chai ya maziwa kila siku ya Mungu. Kahawa ilikuwa ya kuuzwa. Tulipoketi Addis kwa mama wa jebena, alikaa kimya mpaka buni zilipowekwa kwenye kikaango. Hapo akanyoosha mkono. Wale mama wawili hawakuwa na neno hata moja wanaloelewana. Akapewa kikaango, akatikisa, mwenzake akimshika kiwiko kumwonyesha mwendo, mpaka moshi ukapanda na yeye mwenyewe akainuka kutupitishia mmoja mmoja, mimi wa mwisho.

Alikunywa vyote vitatu. Kesho yake alinunua jebena sokoni, na uwanja wa ndege alikataa kabisa isiingie kwenye mzigo. Ilifika JKIA mapajani mwake, imefungwa kwa leso mbili, shingo haina hata ufa.